Kwa Baiskeli katika Nchi ya Ad-Dani: Njia za Changarawe Pembezoni mwa Dénia

Katika nyumba nyingi za pwani yetu hamkosi msahafu uliochapwa Madina, ule ambao mahujaji hurudi nao pamoja na tende na maji ya Zamzam. Twaufungua asubuhi na jioni, lakini ni wachache wetu wazisomao kurasa zinazofuata Suratun-Nas. Humo, kwa Kiarabu, wachapishaji wameeleza walikoitoa imla ya maandishi: wamefuata yaliyopokewa kutoka kwa masheikh wawili, Abu Amr ad-Dani na Abu Dawud Sulayman bin Najah, na pale wawili hao walipokhitalifiana, aghalabu wamemtanguliza wa pili.

Ad-Dani maana yake ni mtu wa Daniya. Mji huo ungalipo. Siku hizi waitwa Dénia, bandari ndogo ya mashariki mwa Uhispania, baina ya Valencia na Alicante, na watu wengi waendao huko hawaendi kwa ajili ya elimu ya kisomo. Huenda kuogelea, kula kamba wekundu ambao mji huo wajivunia, na, kwa miaka hii ya karibuni, kuendesha baiskeli katika njia za changarawe zilizotandaa nyuma ya mji. Sisi tulikwenda kwa yote mawili, kisomo na baiskeli, na tumeona ni haki ya wasomaji wetu tuwasimulie.

Tulikuwa watano: baba na mama wa nyumba, shangazi aliyekwisha kupita miaka 50, binti wa kidato cha tatu na mdogo wake wa miaka 12. Ilikuwa likizo ya Aprili, Ramadhani imekwisha, Shawwal imeingia, na shangazi amekwisha kufunga sita zake. Ndugu yetu asomaye Valencia ndiye aliyetushauri kwamba nchi ile haionekani vyema kwa gari, kwani barabara kuu imepita mbali na vijiji. Wala haionekani kwa miguu, kwani jua na umbali humshinda mwenye watoto. Akatukodia baiskeli, akafuatana nasi siku ya kwanza.

Baiskeli ya changarawe si ile nyembamba ya mashindano, wala si ile nzito ya milimani yenye springi mbele na nyuma. Ni mwana wa wazazi hao wawili. Usukani wake umejipinda kama pembe za kondoo, gia zake ni nyepesi za kupandia vilima, na tairi zake ni pana, milimita 40 au zaidi, zenye meno madogo. Hujazwa upepo kidogo kuliko tairi za lami, ili zilainike juu ya mawe badala ya kurukaruka. Shangazi alipewa ya umeme, ambayo haiendi yenyewe bali humsaidia mwenye kukanyaga. Alisisitiza tuliandike hilo, asije akadhaniwa kuwa alibebwa.

Njia ya kwanza ni ile wenyeji waiitayo Njia ya Kijani. Kote Uhispania reli zilizoachwa zimegeuzwa kuwa njia za watembea kwa miguu na baiskeli, na mradi huo, ulioanza mwaka 1993, umekwisha kupita kilomita 3,000 kwa jumla. Kipande cha Dénia ni kifupi, yapata kilomita 6 tu, kutoka pembezoni mwa mji hadi kijiji cha El Verger. Reli yenyewe ilifika Dénia mwaka 1884, ikapakia zabibu kavu kwenda bandarini, na gari moshi la mwisho likapita mwaka 1974. Kwa kuwa gari moshi halipandi mlima mkali, njia yake ni tambarare kama mkeka, udongo ulioshindiliwa, na pande zote mbili ni michungwa.

Aprili michungwa hiyo huwa na mambo mawili kwa wakati mmoja: machungwa ya mwisho wa msimu yangali yananing'inia, na maua meupe yamekwisha kuchanua. Harufu yake hutangulia mbele ya mtu mita mia kabla hajaliona shamba. Waspania huyaita maua hayo azahar, neno ambalo mtoto yeyote wa chuoni atalitambua: az-zahr, ua. Chungwa lenyewe wanaliita naranja, nasi wazee wetu walikuwa na narinji. Mfereji upitao kando ya njia unaitwa sequia, nao ni saqiya ya Kiarabu. Binti yetu alianza kuyahesabu maneno hayo kwenye daftari tangu dakika ya kumi, na kwa siku nne hakuwa na kazi nyingine.

Hatujamaliza kilomita ya pili, tukasikia mkwaruzo na kishindo kidogo nyuma yetu. Upindo wa buibui la shangazi ulikuwa umeingia katika mnyororo, ukazungushwa mara mbili kwenye meno ya gia, na baiskeli ikalala ubavuni polepole, naye akalala juu yake. Hakuumia. Lakini alikaa chini kwenye vumbi, kitambaa kimenaswa, hawezi kuinuka wala hatuwezi kumnasua, na tulimwona machozi yakimlenga.

“Nilikuwa na miaka kumi,” akasema, “nikapanda baiskeli ya kaka yangu hapo nyuma ya msikiti. Mama akaja mbio, akanishusha kwa sikio. Akasema mtoto wa kike hapandi baiskeli, wallahi sitakuona tena. Nami sikuonekana tena. Leo nimekuja kuaibika ugenini.”

Hakuna aliyejua la kumjibu. Mama mmoja wa makamo ya nyanya, aliyekuwa akipogoa michungwa ng'ambo ya mfereji, alivuka akaja na mkasi wake wa kupogolea mkononi. Alichuchumaa, akalitazama buibui, akamtazama shangazi usoni, akasema maneno ambayo ndugu yetu alitufasiria: kwamba nyanya yake naye alivaa nyeusi mpaka miguuni tangu siku alipofiwa na mume hadi alipokufa yeye, na kwamba kitambaa kizuri hiki chasikitisha, lakini hapana budi. Akauliza kwa mkono, nikate? Shangazi akatikisa kichwa kukubali. Ukatoka upande wa upindo, kiasi cha shubiri moja. Uliobaki binti yetu aliukusanya kwa pini tatu za mtandio wake, juu ya suruali pana aliyokuwa nayo shangazi ndani, na kanuni ikawekwa hapo hapo ambayo twawaachia wasomaji wetu wa kike bila ya kuificha: buibui refu na mnyororo ulio wazi havikai pamoja. Itafutwe baiskeli yenye kifuniko cha mnyororo, au livaliwe vazi linaloishia juu ya kifundo cha mguu, pana, na suruali chini yake yenye mpira miguuni. Sitara haikupungua kwa shubiri ile. Mtandio nao ufungwe chini ya kofia ngumu kwa kitambaa cha pamba chepesi, kwani hariri huteleza na kofia ikasogea.

Mama yule alituachia machungwa sita. Mtoto alikuwa ameshauliza mapema kama yale yaliyoanguka njiani ni halali, na baba yake akamjibu kwamba shamba lina mwenyewe hata kama tunda liko chini. Sasa akayala matatu peke yake.

Kutoka El Verger reli imekwisha, lakini njia za mashamba zaendelea kuufuata mto Girona, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kitanda cha kokoto tu, hadi Els Poblets na baharini. Ufuo ule waitwa l'Almadrava. Neno hilo pia ni la Kiarabu, nalo lilitumika kwa mtego mkubwa wa nyavu wa kunasia jodari wanaopita karibu na pwani. Mtu wa Vanga au wa Lamu ataukumbuka uzio wetu mara moja, ingawa wao walitumia kamba na nyavu na sisi twatumia fito. Kutoka hapo tukarejea mjini sambamba na ufuo. Mzunguko mzima wapata kilomita 20, nao wamfaa hata asiyepanda baiskeli kwa miaka arubaini. Tunasema hivyo kwa ushahidi.

Siku ya pili tulikwenda kwenye kinamasi baina ya Pego na Oliva, hifadhi ya ndege na mashamba ya mpunga. Jina lake kwa lugha ya huko ni marjal, kutokana na marj, mbuga ya majani. Njia ni tambarare, nyeupe, na zimenyooka baina ya mifereji. Upepo ukiwa mbele hakuna pa kujificha, na siku hiyo ulikuwa mbele kwenda na, kwa namna tusiyoielewa, mbele kurudi. Wenye watoto wadogo waende huko asubuhi na mapema. Mpunga huwa haujapandwa mwezi wa Aprili, kwa hiyo tuliona matope na korongo. Tusiwachoshe wasomaji kwa siku hiyo.

Siku ya tatu ilikuwa ya Montgó, na ya ngome.

Montgó ni mlima mmoja ulioinuka peke yake baina ya Dénia na Xàbia, mita 753, mtupu na wa kijivu kileleni. Kuna wanaouona kama kichwa cha tembo. Ni hifadhi tangu mwaka 1987, na kwa hiyo baiskeli haziruhusiwi kila mahali: vijia vya kupanda kileleni ni vya miguu, na mwenye baiskeli hukaa kwenye njia pana. Iliyo bora katika hizo ni ile iitwayo Camí de la Colònia, katika ubavu wa kaskazini. Katika karne ya 20 palifanywa jaribio la kuweka makazi ya wakulima kwenye mteremko huo. Mawe yaliwashinda, nyumba nyingi zikaachwa, lakini njia yao ikabaki. Ni changarawe ya kweli, inayosema chini ya tairi, yapanda na kushuka bila ukatili, na upande wa kushoto bahari yote iko wazi. Katika hewa safi huonekana kisiwa cha Ibiza. Juu ya njia hiyo kuna pango la maji lenye maandishi ya Kirumi kwenye mwamba. Tulifunga baiskeli chini tukapanda kwa miguu.

Ng'ambo ya mlima, juu ya Xàbia, kuna uwanda wenye vinu vya upepo 11 vya mawe, havisagi tena. Huko barabara hupita katika msitu uliochipua upya baada ya moto wa Septemba 2014. Misonobari ya sasa haijamfikia mtoto wetu kimo mahali pengi.

Adhuhuri ilitukuta kwenye njia ya Colònia. Sisi tuliozaliwa Mombasa tumezoea kibla cha kaskazini, hata wazee wetu wakisema “kibula” hukusudia kaskazini yenyewe. Huko kibla ni mashariki, kikielemea kusini kidogo. Tuliswali kwa leso mbili zilizounganishwa juu ya changarawe, kasri na jamu kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Waendesha baiskeli watatu waliovaa mavazi ya kubana walikuja kwa kasi, wakatuona, wakashuka, wakazikokota baiskeli zao mpaka wakatupita, ndipo wakapanda tena. Hawakusema neno.

Alasiri tukapanda ngomeni. Ngome ya Dénia imeketi juu ya kilima katikati ya mji, na ndani yake kuna jumba dogo la makumbusho ya akiolojia. Ukhalifa wa Kurtuba ulipokuwa ukianguka, mtawala aitwaye Mujahid al-Amiri aliufanya mji huu makao ya dola yake, iliyoshika pia visiwa vya Baleari, na mwaka 1015 merikebu zake zilivuka hadi Sardinia. Mujahid alikuwa mtu wa vita, lakini pia alikuwa mpenzi mkubwa wa elimu ya kisomo, na wanavyuoni waliokimbia fitina ya Kurtuba walimjia. Ndivyo alivyokuja Abu Amr. Alizaliwa Kurtuba mwaka 371 wa Hijra, akasafiri hadi Misri na Makka kutafuta elimu, akahangaika mji baada ya mji, mwisho akatua Daniya. Hapa ndipo alipoishi mpaka kufa, katikati ya Shawwal mwaka 444, na imepokewa kwamba mtawala wa mji alitembea kwa miguu mbele ya jeneza lake.

Kitabu chake At-Taysir kilikusanya visomo saba kwa ufupi uliomwezesha mwanafunzi kuvihifadhi. Kingine, Al-Muqni', kilieleza namna maneno yalivyoandikwa katika misahafu ya mwanzo: wapi alifu imeandikwa na wapi imeachwa, wapi ta imefungwa na wapi imefunguliwa. Zaidi ya miaka mia baadaye, kipofu mmoja wa Xàtiva, mji ulio nyuma ya milima hiyo hiyo, Imam ash-Shatibi, aliifanya At-Taysir kuwa shairi la beti 1,173, na shairi hilo lahifadhiwa mpaka leo na kila mwenye kujifunza visomo saba.

Hayo twayasikia kwa masheikh wetu. Tusiyoyasikia sana ni habari za wanawake. Waandishi wa tarajimu za Andalusi wamemtaja Rayhana, aliyesoma kwa Abu Amr huko Almería: alikaa nyuma ya pazia akisoma, na mwalimu akamwonyesha kwa fimbo mahali pa kuwakifu, mpaka akamaliza visomo vyote saba. Na wamemtaja Ishraq, aliyekuwa mjakazi wa mwanachuoni mmoja wa Kurtuba kisha akawa huru, waliyemwita as-Sawda, yaani mweusi, na al-Arudhiyya, kwa kuwa elimu yake kubwa ilikuwa arudhi, mizani ya mashairi. Vitabu viwili vikubwa vya fasihi, Al-Kamil cha al-Mubarrad na An-Nawadir cha al-Qali, alikuwa akivisomesha na kuvisherehesha. Alifariki hapa Daniya. Na mwanafunzi mmojawapo aliyekaa mbele yake akajifunza arudhi ni Abu Dawud Sulayman bin Najah, yule yule wa pili katika kurasa za mwisho za msahafu.

Shangazi hutunga mashairi ya arusi na ya maulidi, na vina vyake huvihesabu kwa vidole. Tulipomsomea habari hii juu ya ukuta wa ngome hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza kaburi lake liko wapi. Makumbusho yana mawe ya makaburi ya Waislamu, maandishi yake yangali yasomeka, lakini la Ishraq hatukulikuta. Shangazi akamsomea Fatiha akiielekea bandari yote.

Bandari hiyo nayo ina habari yake, na kwayo ndipo tulipoamua kwenda mabondeni siku ya nne. Daniya ilitoka mikononi mwa Waislamu katika karne ya 13, lakini wakulima Waislamu walibaki, wakilima chini ya mabwana wapya. Katika miaka ya 1520 walilazimishwa kubatizwa. Walibaki tena, wakisali kwa siri wale waliosali, wakijulikana kwa jina la Wamorisko. Mwaka 1609 mfalme Felipe wa Tatu akaamuru wafukuzwe wote. Merikebu za kwanza zilizojaa watu hao ziling'oa nanga hapa Dénia mapema Oktoba mwaka huo, kuelekea Oran. Kutoka ufalme wa Valencia peke yake walipelekwa watu zaidi ya laki moja. Watoto wadogo wengi hawakupanda na wazazi wao. Walizuiwa, wakalelewa katika nyumba za watu wengine na kwa dini nyingine. Bandari ya leo ina maduka ya aiskrimu na feri za Ibiza. Tulikula aiskrimu. Tusingesema kweli tukisema hatukula.

Njia ya mabonde haiwafai wote. Tulipakia baiskeli garini mpaka Orba, kisha tukapanda taratibu kuelekea Vall de Laguar, bonde lenye vijiji vitatu vilivyopangana ngazi kwa ngazi: Campell, Fleix na Benimaurell. Si kilomita nyingi, lakini zote ni za kupanda, na sehemu yake ni lami nyembamba kabla ya kupata njia za mashamba. Milima hii ndiyo wachezaji wakubwa wa baiskeli wa Ulaya hujia kufanya mazoezi wakati wa baridi. Mteremko wa Coll de Rates ulio jirani waujua kama sisi tunavyoijua feri ya Likoni. Walitupita wengi. Mmoja alimpigia shangazi makofi, naye akamrudishia salamu kwa kengele.

Soma majina ya vijiji vya nchi hiyo na utadhani unasoma nasaba: Benimaurell, Benidoleig, Benimeli, Beniarbeig, Benissa. Beni ni Bani, wana wa fulani. Wana wenyewe hawapo. Bonde lilipotupu lilijazwa na watu wa Mallorca, na vizazi vyao ndio wakulima wa leo, wapole na wakarimu kwetu, ambao hawana kosa lolote la mwaka 1609.

Kilichobaki cha wale wa kwanza ni mawe. Kila ubavu wa mlima umekatwa ngazi za kulimia, kuta za mawe makavu bila ya udongo wala chokaa, moja juu ya nyingine mpaka juu ambako jicho huchoka kuhesabu. Juu yake ni milozi na mizeituni na micheri. Kutoka Fleix huteremka korongoni njia ya ngazi zaidi ya 6,000 za mawe zinazonasibishwa na Wamorisko, kushuka na kupanda ng'ambo. Hiyo ni ya miguu tu, nasi tuliitazama kutoka juu. Mwezi wa Agosti 2022 moto mkubwa ulioanzia Vall d'Ebo, jirani na hapo, uliteketeza zaidi ya hekta 10,000, na mahali ulipopita vichaka vimeondoka, zikafunuka ngazi ambazo watu walikuwa wamezisahau.

Mbele ya Benimaurell husimama mlima uitwao Cavall Verd, Farasi wa Kijani. Maelfu ya Wamorisko wa mabonde haya walikataa kwenda bandarini mwaka ule. Walipanda huko juu pamoja na wanawake na watoto, wakamchagua kiongozi, wakategemea kuta za mawe na Mwenyezi Mungu. Novemba askari wakawajia. Waliosalia hai baada ya mapigano na kiu waliteremshwa, wakapelekwa merikebuni kama wenzao.

Changarawe yafika karibu na chini ya mlima huo, kisha mawe huwa makubwa mno kwa tairi zetu. Tulishuka hapo. Baba alitoa adhana kwa sauti ya chini, ya watu watano. Kijana wetu, ambaye siku zote tatu alikuwa akiomba kwenda mbele peke yake, siku hiyo alikaa karibu, akauliza kama mtoto wa miaka yake angeachwa au angepandishwa merikebuni. Mama yake alimwambia kwamba angekuwa mkubwa vya kutosha kwenda. Akauliza, na wadogo? Hakuna aliyemjibu, na tukashuka mlima tukiwa kimya, breki zikilia kwenye kona.

Kwa watakaokwenda: Machi hadi mwanzo wa Juni, au Oktoba na Novemba, kwani kiangazi cha huko ni kikali na misitu huogopewa moto. Kila mtu achukue maji yasiyopungua lita moja na nusu, tyubu ya akiba na pampu, maana mbegu za miiba ya njiani hutoboa. Nyama yafaa kuulizia, na kwa wali pia ni vyema kuuliza umepikwa na supu gani. Sisi tulikula samaki, mayai, na mikate bapa ya mboga inayoitwa coca. Wapo Waislamu wa Moroko na Algeria wanaofanya kazi katika mashamba na mahoteli ya pwani hiyo, na Ijumaa tuliswali pamoja nao katika ukumbi wa kukodi, wanawake chumba cha nyuma. Walipojua tunatoka Kenya walitushika mikono kwa muda mrefu, kisha wakatuuliza kama kwetu kuna baridi.

Jioni ya siku ya nne tulirudisha baiskeli dukani. Fundi aliipindua ile ya umeme, akazungusha pedali, akasikiliza, akaleta koleo jembamba. Akavuta kutoka baina ya meno ya gia uzi mweusi mrefu, kisha mwingine, kisha kijipande cha dantela. Akavipanga juu ya meza, akatutazama. Shangazi aliviokota, akavifunga kwenye kitambaa pamoja na kokoto mbili za Laguar, akamwambia ndugu yetu amuulize mtu huyu kama kifuniko cha mnyororo chauzwa peke yake, na kama kitaenea kwenye baiskeli ya kawaida.